Sauti Nyuma ya Pazia

Juzi nilikwenda Nguvumali, kwao Rehema, mchumba wangu. Shangazi yake alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kunipima. Akinikataa, hakuna ndoa. Yeye alikuwa bado jikoni, nyuma ya pazia. Sebuleni, mimi, Rehema na baba yake tulitazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hamu ya kusema ikanipanda kichwani kama moshi wa udi.

“Mzee, tamthilia nzuri,” nikasema, “ila huyu aliyempa sauti mama mkwe kaiharibu. Anakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga!”

Rehema akakohoa. Nikaendelea kucheka.

“Mwacheni aseme,” ikajibu sauti kutoka jikoni, ileile ya mama mkwe wa kwenye runinga.

“Shikamoo, shangazi,” nikanong’ona.

“Ngoja kwanza, mkwe, nimalize kusugua sufuria.”