Mistari Mitatu ya Mkono Mwepesi

Saa mbili asubuhi saluni haina mteja. Msusi wa miaka thelathini na mmoja amefunga nyuzi tatu za sufu kwenye kiti kitupu, anasuka. Kidole gumba cha kulia kinachelewa, uzi unamponyoka. Anaanza upya.

Wateja walimbatiza Mkono Mwepesi. Kwa miaka kumi na mmoja alisuka vichwa vitatu kwa siku, na watoto walisinzia mapajani pake badala ya kulia.

Wiki mbili baada ya kujifungua binti, kichwa kilianza kumgonga. Jana yake alikuwa amesukwa na mwenzake wa saluni, basi lawama zikamwangukia huyo.

"Nikamwambia, umenikaza kama unafunga mzigo! Nifumue!"

"Nikafumua huku natukanwa," mwenzake anacheka, kisha cheko linakatika. "Sisi wasusi kichwa kikiuma tunalaumu nywele. Tulipoteza siku tatu nzima."

Siku ya nne chanuo kilimdondoka. Alipotaka kukiokota, mkono wa kulia ukagoma, na mguu pia. Maneno yakamtoka yamevurugika, mwenzake akadhani ni utani, mpaka alipomwona anaanguka na kukakamaa.

Hospitalini, picha zilionyesha damu imeganda kwenye mishipa inayoondoa damu kichwani. Daktari alisema dalili hufanana na za kiharusi, na kwamba wiki za baada ya uzazi huongeza hatari. Akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda.

Sasa ni mwaka na nusu. Ulimi umerudi, mguu umerudi. Vidole vitatu bado vizito. Anaosha na kukausha nywele za wateja, kwa theluthi ya kipato cha zamani.

Kinachomuuma zaidi ni kichwa kimoja kidogo. Nywele za binti yake hazijawahi kusukwa.

"Mtoto ana msitu kichwani!" dada yake humfokea. "Mlete nimsuke, unatutia aibu."

"Dada, usimguse. Nimesuka watoto wa watu wote. Huyu wangu ananisubiri mimi."

Amejiwekea sharti: asuke sufu mara kumi mfululizo bila kuponyokwa, ndipo amsuke binti mistari mitatu kabla hajatimiza miaka miwili. "Hata ikipinda," anasema. Leo amefika saba.

Binti anaingia na chanuo, anajipachika katikati ya magoti ya mama na kuinamisha kichwa, kama alivyoona wateja wakifanya. Mama anagawa nywele kwa mkono wa kushoto. Njia inanyooka. Anaitazama, kisha anaifuta taratibu kwa kiganja.

"Nisubiri kidogo, mama yangu. Vidole viko njiani."