Mama Bado

Diwani wetu tunamwita Mama Bado, kwa sababu mwenyekiti akiuliza, "Tumekubaliana?" yeye hujibu neno hilo moja, taratibu, huku akisugua goti lake bovu kwa kidole gumba. Sauti yake haipandi. Kiti chake cha mbele kimebonyea kwa kukaliwa. Jana mwenyekiti aliiruka tena hoja ya kuwajengea wauza mboga choo pale sokoni, akatuambia tusimame afunge kikao. Ukumbi mzima ukasimama. Yeye akabaki ameketi.

"Simama, mama, tufunge."

"Bado, mwanangu. Nimekalia choo cha soko."

Tulicheka mpaka machozi. Yeye akasubiri, kidole gotini, hadi kicheko kikatuishia mdomoni. Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa.