Walivyoifungua Injini ya Beverlyne

Beverlyne Nyatichi hajawahi kuiba hata kijiko cha sukari, na ninajua, kwa sababu nimeuza chai mlangoni mwa gereji yake hapa Migori tangu Terry wangu akiwa bado mgongoni. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema Beverlyne alishinda kwa wizi, ninaweka birika chini ili nimjibu vizuri.

Nianze na gari, maana bila gari hakuna maneno. Ni jekundu, la Kijapani, milango miwili, la mwaka wa sabini na nne, limelala chini kama paka anayewinda. Babake Beverlyne, mzee Gichana, alitoka Kisii akaja kuwa fundi wa Mhindi mmoja mwenye duka. Mhindi alipohama alimwachia gari badala ya kiinua mgongo. Mzee akalifunika turubai, kuku wakalitagia ndani. Ndugu zake Bev walitaka liuzwe kama chuma chakavu. Bev mwenyewe, akiwa darasa la sita, aliingia chini yake na spana na ni kama hajatoka. Sasa ana miaka thelathini na tisa, na ukimtafuta bado unaanza kuona miguu.

Aliwahi kuolewa Ndhiwa. Mume akamwambia achague, yeye au gari. Bev alichagua haraka sana, na nafikiri huyo mwanaume aliumia kwa ile haraka kuliko kwa jibu lenyewe.

Hilo gari ndilo linamlisha. Jumapili linabeba maharusi kutoka hapa mpaka Rangwe, kwa sababu siku hizi bibi harusi asiposhuka kwenye kitu chekundu anaona hajaolewa. Siku nyingine Bev anatengeneza mashine za posho na pampu za maji. Jumamosi hafungui. Yeye ni Msabato wa kweli, si wa picha. Ijumaa jua likizama spana zinaingia kwenye sanduku, hata kama mteja analia na pampu mkononi.

Sasa, kuna watu wenye magari ya zamani wanaoshindana kwenye barabara za murram kule kwenye mashamba ya miwa, upande wa Ndhiwa. Sheria yao moja inaeleweka hata na mimi niliyeachia darasa la nane: gari liwe la kabla ya mwaka wa themanini, na injini iwe vile ilivyotoka kiwandani. Usipanue silinda, usiweke pistoni kubwa, usichonge chochote. Anayeshinda awe ameshinda kwa mikono yake.

Elkana Omanga ana gari la aina ile ile ya Bev, la bluu. Elkana ana hardware, ana malori ya mchanga, na ni mzee wa kanisa lile lile la Bev. Zamani gari lake lilikuwa likipanda mlima kwa kuomba. Mwaka jana likapelekwa mbali kwa fundi fulani, na liliporudi lilikuwa likiruka mlima kama limetupwa. Nje ya injini bado pameandikwa elfu moja mia sita, ule ukubwa wa kiwandani. Ndani? Mama wa sokoni akibonyeza tako la gorogoro, lile kopo lake la kupimia, ili mahindi yapungue, askari wa kaunti wanamnyang'anya na kumtukana mbele ya watoto wake. Elkana amepanua ndani ya chuma, na anaitwa Mheshimiwa.

Mashindano yalikuwa siku ya Jamhuri, ambayo ilikuwa Ijumaa. Nilienda na jiko langu kuuza chai. Mara ya mwisho kuzunguka, Elkana alikuwa mbele. Akafika kona ya mtaro na zile nguvu zake zote za kununua, akashindwa kuikata, gari likaingia kwenye miwa mpaka tukaona paa tu. Bev akapita polepole, akapiga honi, akashinda.

"Yawa, mama wa harusi amewanyoa!" vijana wakapiga kelele.

Elkana akatoka na majani ya miwa kwenye nywele. Hakwenda kumpa Bev mkono. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Joash, mwenyekiti wa kamati. "Nashtaki. Hiyo injini si ya kiwanda."

Sheria inasema dereva akishtaki, injini inafunguliwa siku hiyo hiyo, inapimwa. Mwenye gari akikataa, anafutwa na jina lake linatangazwa. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni. Na Elkana alijua mambo mawili. Alijua jua linaelekea wapi. Na alijua silinda hedi ya magari hayo, kile kifuniko cha juu ya injini, ni ya alumini, na miaka hii yote imeshikana na boliti za chuma kama ugali na sufuria iliyoungua. Ya kwake ilitolewa na fundi mwenye vifaa na wakati. Ukitaka kuitoa vizuri unaitia mafuta, unaiacha siku mbili, unaibembeleza. Ukiigonga inapasuka, na nyingine ya aina hiyo huipati Migori wala Nairobi.

Bev akamwambia Joash, "Nipe mpaka Jumapili. Lifungie gari, lilinde, hata ulale ndani ukitaka. Nitafungua mbele yenu."

"Sheria inasema leo, madam."

"Kama ni safi, anaogopa nini?" Elkana akauliza watu, si Bev.

Nikashindwa kunyamaza. "Elkana, wewe si mzee wa kanisa lake? Hujui jua likizama hashiki spana?"

"Mama Terry, uza chai."

Bev alinivuta kando. "Mama Terry, nikikataa, mimi ni mwizi. Nani atapandisha binti yake kwenye gari la mwizi? Na nikifungua, naweza kukosa gari lenyewe."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nafungua. Gari nitatafuta njia. Jina sitapata spea."

Akaingia kazini. Nati zilitoka. Hedi ikakataa. Akamwaga mafuta ya taa kuzunguka boliti, akasubiri, akajaribu kuitikisa, akamwaga tena. Jua lilikuwa limekaa juu ya miwa. Boaz, fundi wa kamati, akaangalia saa yake, akachukua nyundo.

"Usigonge!" Bev alisema. "Boaz, nakuomba kama kaka yangu, usigonge!"

"Dada, tunataka kwenda nyumbani."

Akagonga. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili tukasikia mlio kama kikombe kikianguka jikoni, na hedi ikatoka, ufa umepita katikati kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Bev alisogea tu ili Boaz apate nafasi ya kupima.

Wakapima silinda, wakapima pistoni, wakapima tena kwa sababu Elkana alisema warudie. Kila kitu kama kiwanda kilivyokiacha.

"Ni safi," Joash akatangaza. "Mshindi ni Beverlyne. Pole kwa hiyo hedi."

Pole! Kama mtu amekukanyaga kidole kanisani.

Bev akajifuta mikono. "Asante. Sasa na mimi nashtaki. Fungueni ya Elkana."

Elkana akageuka upande wa magharibi, akaangalia kwa makini kama mtu anayesubiri mgeni. "Sister Bev," akasema kwa sauti ya mimbari, "jua limezama. Sabato imeingia. Tusimkosee Mungu kwa mambo ya magari."

Na kweli lilikuwa limezama. Bev aliangalia spana mkononi, akaiweka kwenye sanduku, akafunga, na shtaka lake likaishia hapo. Mimi nimeona malori ya Elkana yakipakia mchanga Jumamosi saa sita mchana, yeye mwenyewe amesimama hapo na miwani.

"Basi nashtaki mimi!" nikasema. "Mimi ni Mkatoliki!"

"Mama," Joash akaniuliza, "una gari?"

"Nina jiko."

Wakacheka, hata mimi ningecheka siku nyingine. Sheria, wakasema, inataka dereva, na kamati hiyo ikaenda nyumbani.

Gari lilivutwa na trekta ya miwa. Jumatatu Elkana alikuja gereji na uso wa msiba. "Sister, hilo sasa ni chuma tu. Niuzie nikusaidie."

"Mzee," Bev akamjibu kutoka chini ya pampu ya mtu, "ukisimama hapo unanizibia mwanga."

Alizunguka mpaka akapata hedi ya pikapu ya kampuni ile ile kule mpakani. Haikuwa sawa kabisa, lakini ilikubali. Gari likarudi kwenye harusi. Tatizo ni mashindano. Hedi ya pikapu si ile gari lilitoka nayo kiwandani, na Joash alimwambia kabisa kwamba hataruhusiwa.

"Ile ya kiwanda mliipasua nyinyi."

"Naelewa, madam. Sheria ni sheria."

Ona hiyo. Gari la pekee lililofunguliwa likakutwa safi, ndilo limefungiwa nje.

Lakini Jumatatu ya Pasaka, mashindano yaliporudi, Bev alienda. Alfajiri, kabla meza ya kamati haijafutwa vumbi, alijiandikisha kama dereva, na kabla hawajaangalia gari lake akasema, "Nashtaki la bluu. Lifunguliwe kabla ya kuanza. Tuna mchana mzima." Baadaye wakamkatalia gari lake, akasema sawa, akaketi kwenye kiti changu karibu na jiko akaomba chai.

Lori la Elkana lilifika na gari la bluu mgongoni. Mtu akamnong'oneza dereva wake dirishani. Dereva hakuzima hata injini, akageuza. Tukaambiwa Mheshimiwa ameshikwa na homa ghafla.

Saa nane, nikirudi, nilimkuta Mheshimiwa mwenyewe kwenye hoteli ya njiani, mbele ya samaki mzima, anafyonza kichwa.

"Homa inaendeleaje, mzee?"

"Namshukuru Mungu, Mama Terry."

"Mshukuru," nikasema. "Bev anauliza utapona lini. Na amesema yeye kila mashindano atakuwepo."