Mafundo Chini ya Mabehewa

Mtaani kila mtu alimwita Kulabu, na jina lenyewe alilipenda. Ujana wake wote aliumalizia kwenye stesheni ya mizigo, akisimama kati ya behewa na behewa, akiyaunganisha kwa kulabu za chuma na kuhakikisha kila moja limekaa mahali pake. Mazito mbele, mepesi nyuma. Tangi la mafuta lisiwe jirani na kichwa cha treni. Mkiani kabisa, behewa la gadi, msimamizi wa treni, lenye taa nyekundu. Treni ikipita bila taa hiyo, njia haifunguliwi kwa treni nyingine, kwa kuwa huenda nusu yake imekatika huko nyuma. Treni isiyo na mkia huhesabiwa kwamba bado haijafika.

Macho yake yalianza kufa angali kazini. Siku ya kumuaga, shirika lilimpa mkono, hotuba ndefu na saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa mtu asiyeona mishale! Wakubwa walipiga makofi, wakapanda magari yao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee atarudije nyumbani. Mkewe ndiye aliyemshika mkono. Saa akaitundika jikoni.

"Itanifaa mimi," alisema, "nisiunguze mboga."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye kutumia mkono wa kushoto na ulimi usiolala. Yeye ndiye aliyevumilia treni ndogo ambayo Kulabu aliiunda macho yakiwa bado mazima: mabehewa saba ya makopo ya maziwa, magurudumu ya vifuniko, na kichwa kilichosukumwa na mota ya redio kaseti iliyokufa. Reli zake zilizunguka chumba kizima, zikapita uvunguni mwa kitanda, zikakata kona kali kwenye mguu wa kabati. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Behewa jepesi likikaa mbele ya zito, kona ile hulinyanyua, na treni yote hulala ubavu.

Kinyozi wa jirani hakuacha kumchokoza. "Kulabu, treni yako inaondoka saa ngapi? Nataka nimsafirishe mama mkwe."

"Mama mkwe wako mzito. Atanivunjia ekseli."

Lakini giza lilipokamilika, makopo yote yakawa kopo moja. Kulabu aliyapapasa, akayapanga, akawasha, akasikia kishindo kwenye kabati. Akapanga tena, kishindo tena. Jioni moja alikaa sakafuni katikati ya ajali yake, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Wape watoto wa jirani wachezee."

Mkewe alikaa sakafuni kando yake. Alichukua uzi mnene wa kushonea vifungo, akamwambia amtajie mpangilio, behewa baada ya behewa. Chini ya kila moja, kwenye ekseli, akafunga kipande cha uzi: fundo moja kwa behewa la kwanza nyuma ya kichwa, mawili kwa la pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila kipande alikikata kwa meno na kukiacha kining'inie kidogo, ili kidole kisipate tabu kukitafuta.

"Zamani si ulikuwa unasoma namba za chaki kwenye mabehewa?" alimuuliza. "Sasa soma kwa vidole, kama unavyonisoma mimi."

"Wewe nakusoma tangu ujana, na bado sijafika katikati."

"Nyoo! Shika treni yako."

Tangu jioni ile haikuanguka tena.

Halafu mkewe akaugua, akaenda, yote kwa haraka ya mtu anayekimbilia shughuli nyingine. Msibani watu walimsifu Kulabu kwa kujikaza. Hawakujua alikokuwa anajilegezea. Kila jioni alifunga mlango, akakaa sakafuni, akachukua mabehewa mojamoja, na kidole chake kikapita juu ya mafundo yale taratibu kuliko kazi ilivyotaka. Yote yaliegemea upande mmoja, kwa ule mkono wa kushoto. Ncha za nyuzi zilikuwa bapa, mahali meno yalipouma.

Binti yao aliposikia baba anaishi na kabati na redio tu, aliomba ruhusa kiwandani alikoshona sare, akaja kumchukua wakaishi wote. Alikuwa mtoto wa mama yake kabisa. Utotoni aliwahi kurudishiwa na mama yake gauni zima alilolishona, kwa sababu ya kiuzi kimoja kilichochungulia kwenye pindo, na tangu hapo hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake ikiwa na uzi wa kuning'inia.

Asubuhi ya kufungasha, baba alikwenda kunyolewa. Binti akaona amfurahishe. Akayafuta mabehewa kwa kitambaa chenye sabuni, akatia mafuta magurudumu, akayapanga juu ya gazeti yakimetameta.

Kulabu alirudi kichwa kikiwa chepesi. "Nanusa sabuni. Umenioshea hata treni?"

"Kila kitu, baba. Jaribu uone, sasa inateleza."

Akakaa sakafuni huku akicheka, akachukua behewa la karibu, akapitisha kidole chini yake. Akapitisha tena. Akaliweka, akachukua jingine. Kicheko kilikwisha mdomoni kabla hakijakwisha usoni.

"Uzi uko wapi?"

"Nyuzi zipi? Zile chafu? Nimezikata, baba. Zilijaa grisi, nikaona zitazonga magurudumu."

"Umeziweka wapi?"

"Kwenye takataka. Gari la taka limeshapita, hata kabla hujavuka barabara kurudi." Akamwona anavyoliminya lile kopo. "Baba? Kuna nini?"

"Mama yako ndiye aliyezifunga," alisema. "Ndizo namba zangu. Ndivyo nilivyokuwa najua lipi linafuata lipi."

Binti alitazama mkasi uliokuwa bado juu ya gazeti. Mkasi mkubwa, kishikio kimekaa kwa mkono wa kushoto.

"Nimezikata kwa mkasi wake," alinong'ona.

Hakuna aliyepandisha sauti. Ingekuwa afadhali mmoja wao apandishe. Binti alifungua kopo la vifungo la mama yake, akatafuta uzi uleule, akakaa sakafuni mbele ya baba. "Nitajie, baba. La kwanza lipi?" Na baba akamtajia, akiyapima makopo mkononi kwa uzito na michubuko, na yeye akafunga, machozi yakimdondokea kwenye vidole.

Kulabu akasoma. Moja. Mawili. Matatu. Hakuna kosa. Mafundo yamekazwa vizuri, ya fundi hasa, na yote yameegemea upande wa pili. Ncha zilikatwa sawasawa kwa mkasi.

"Yako kama ya mama?"

Kidole chake kilirudi juu ya ncha zile. "Yanasomeka, mwanangu. Ahsante."

Lilibaki behewa la gadi. Hili peke yake mkewe alilifunga uzi wake ndani, si kwenye ekseli, chini ya sakafu ya bati, kwa kuwa nje palikuwa na kitaa chekundu cha kioo. Binti hakuwa ameuona. Kulabu aliingiza kidole taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, na kule ndani akaukuta. Mafundo saba. Yamelalia kushoto. Akayapita yote, akarudi, akayapita tena, kisha akalitia behewa zima kwenye mfuko wa shati.

Akaunganisha yaliyobaki, akawasha. Treni ikapita uvunguni, ikakata kona ya kabati bila kuyumba.

"Baba, umesahau la mwisho."

"Sijasahau."

"Si ulinifundisha mwenyewe? Bila taa ya nyuma..."

"Haijafika," alisema Kulabu. "Iache. Hesabu kwamba bado haijafika."

Binti akainama kuzima, akasita, akauondoa mkono. Treni ikaendelea kuzunguka, na baba akaisikiliza, kidole kikiwa mfukoni juu ya fundo la saba.