Watu Sita wa Kwenda Machimboni

Familia yetu haiwezi kuchemsha chai bila kuunda kamati. Nasema hivyo nikiwa mwanakamati. Mama yetu aliomba kitu kimoja tu, apelekwe Lukenya akaone machimbo ya mawe ambako baba alikufa, na kabla ya jua kutua kaka yangu mkubwa alikuwa amejichagua mwenyekiti, mke wake amekuwa mweka hazina, na kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa chenye picha ya marehemu baba. Yule kwenye picha hakuwa baba. Alikuwa mdogo wake, ambaye yuko hai na yumo kikundini, na hata yeye hakusema kitu.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Baba alichonga mawe ya kujengea huko Lukenya tangu kabla sijazaliwa, akirudi kwetu Mitaboni mwisho wa mwezi na vumbi jeupe masikioni. Nikiwa darasa la sita, ukuta wa machimbo ulimwangukia. Wenzake walimleta nyumbani kwa lori, amefunikwa blanketi. Mama alitaka apelekwe palepale, siku ileile, akaone. Wazee wakamwambia wanawake hawaendi machimboni, kama anataka kulia alilie nyumbani. Akalilia nyumbani. Machimbo yakafungwa, mashimo yakajaa maji, sisi tukakua, na hakulitaja jambo hilo tena mpaka siku moja mwaka jana tukichambua mbaazi, yeye na mimi.

"Magoti yangu yanaisha," aliniambia. "Nataka kuona mahali baba yenu alisimama mara ya mwisho. Nione tu, nirudi."

Nikamwambia aniachie mimi.

Kaka yangu, nilipompigia simu, alitaka tuende Jumapili ile baada ya ibada. "Tunaingia tu," alisema. "Ile shamba haina mtu. Nani atatuuliza?" Hii ndiyo akili iliyochaguliwa kutuongoza. Nilimweleza kwamba ukuta uliomuua baba bado umesimama, una nyufa, na haujui kwamba yeye ni mwenyekiti. Nilimweleza kwamba kule chini kuna maji ya kijani ambayo hakuna anayejua kina chake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi. Sikuwahi kupeleka watoto hata kutazama bwawa la Masinga bila barua, kamba na sanduku la dawa. Kaka akasema mimi napenda kuwa na maneno mengi. Nyani haoni kundule.

Nikaandika barua. Niliiandika kwa jina la mama, kwamba yeye, mjane wa mchonga mawe aliyefia hapo, anaomba ruhusa ya kuingia pamoja na watu wake. Alitia sahihi mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, kisha akaniuliza kitu kimoja: "Huko ni kupanda ama ni kuteremka?" Sikujua. Nikamwahidi nitauliza.

Shamba lile sasa ni la kampuni, na kampuni ina afisa wa usalama. Nilitarajia mzee mwenye koti zito la ulinzi. Nikakuta binti mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, anayepiga chapa kwa vidole viwili ili asizivunje, na nikamdharau papo hapo kwa moyo wangu wote. Aliisoma barua mara mbili. Kisha akanisomea masharti: watu sita, si saba. Nakala za vitambulisho, na simu ya mtu wa kupigiwa jambo likitokea. Viatu vilivyofunika vidole. Helmeti watatupa wao. Mvua ikinyesha wiki hiyo, hakuna ziara, kwa sababu jiwe likilowa linaachia. Hakuna kuteremka shimoni wala kupita kamba, hata kwa maombi.

"Na ni Jumamosi moja tu, ile ya mwisho wa mwezi," alisema. "Mwezi ujao ukianza tu tunaleta matingatinga kufukia shimo. Baada ya hapo hakuna kitu ya kuona."

Nilimuuliza swali la mama. Akasema gari linafika mpaka juu, hakuna kupanda wala kuteremka, pana mahali tambarare nyuma ya kamba na kutoka hapo mtu anaona machimbo yote. Nilimpigia mama nikiwa bado getini. "Basi hiyo nitaweza," alisema, na nikasikia kwamba anatabasamu.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akapike mbaazi zake. Lakini kamati ilikuwa imepata habari kwamba nafasi ni sita, na hakuna kitu kinachowapa watu wetu uhai kama nafasi chache.

Tulikutana nyumbani kwa mama, mara tatu. Mama alitupikia chai mara zote tatu. Wifi yangu alikuja na tisheti thelathini za rangi ya damu ya mzee, zimeandikwa "Safari ya Kumbukumbu", na chini ya maandishi, ile picha ya baba mdogo. Nilipomwambia kwamba watu watakaoingia ni sita, alisema wengine watazivaa nyumbani. Nilipomwambia huyo si baba, aliitazama picha kwa muda akasema, "Si wanafanana?" Baba mdogo mwenyewe alikuwa ameshaivaa yake.

Kaka alisema bila mwenyekiti ziara haitakuwa rasmi. Wifi alisema bila mweka hazina nani atanunua soda? Mchungaji alialikwa afungue kwa maombi, akashukuru kwa maneno mengi, akauliza kama kuna mahali pa kuweka spika. Mwakilishi wetu wa wadi akatuma mtu wake kusema mheshimiwa yuko pamoja nasi na angependa nafasi mbili. Binamu mmoja kutoka Syokimau akasema yeye atapiga picha, na kwamba bila picha hiyo safari ni kama haikuwa. "Ni content safi, auntie, trust me," aliniambia. Nilimwamini kiasi cha punje ya mtama.

Nilipigana nao wote. Nasema bila haya kwamba nilipigana vizuri. Mtu wa mheshimiwa nilimfukuza. Baba mdogo nilimwondoa kwa kumkumbusha kwamba alikuwa miongoni mwa waliomzuia mama kwenda siku ile. Spika nilizikataa, kwa sababu mtu hapigi kelele chini ya ukuta wenye nyufa. Kila mtu aliponijibu nilisema neno moja: "Hii safari ni ya mama." Wote wakanyamaza. Lilikuwa neno zuri, nami nililitumia mpaka likachakaa. Mama mwenyewe alikuwa hapo mlangoni kwenye kigoda chake, akisikiliza, akiinuka tu kuongeza maji kwenye chai.

Mkutano wa tatu tuliafikiana. Mwenyekiti. Mweka hazina. Mchungaji, bila spika. Mpiga picha. Mzee mmoja wa Kathiani aliyechonga mawe pamoja na baba, ambaye nilimpigania mimi, kwani ndiye pekee aliyejua ni ukuta upi. Na mimi, kwa sababu bila mimi hao watano wangetumbukia majini wakiimba. Niliyaandika majina kwa mkono wangu, nikabandika vitambulisho, nikapeleka Lukenya kabla kaka hajabadilisha mawazo. Binti wa kucha aliupokea ukurasa bila kuusoma, akaugonga muhuri wa bosi wake. Nikarudi nyumbani nikijisifu.

Jumamosi kulikuwa kukavu. Mimi nilitoka Machakos mjini na mzee wa Kathiani, wale wanne wengine wakaja na gari la kaka kutoka Mitaboni. Tulikutana getini saa tatu, watano wakiwa na tisheti. Mimi sikuvaa. Binti alitupeleka juu kwa gari la kampuni mpaka mahali tambarare alipopataja, penye kizuizi cha mabati kabla ya kamba. Helmeti sita zilikuwa zimepangwa chini. Kando yake palikuwa na kiti cha plastiki chenye mto mdogo wa kitenge.

Kaka alikiona kiti, akashukuru, akakalia.

"Hiyo si yako," binti alimwambia. "Hiyo nimeletea mama mjane. Amebaki kwa gari?"

Tulitazamana. Ningependa kusema kwamba nilielewa kabla ya wengine, maana nimezoea kuelewa kabla yao. Hapana. Nilimtazama kaka, nikiwa tayari na dharau yangu, nikingoja aeleze alimwacha wapi.

"Mama ni mzee," wifi alisema. "Angechoka. Tutampelekea video."

Binti alitoa barua yetu kwenye faili. Alitoa na ule ukurasa wa majina, akausoma sasa kwa kidole, jina baada ya jina, mpaka chini. Kisha akausoma tena kuanzia juu.

"Ruhusa ni ya huyu mama," alisema. "Bila yeye siwezi kuwaingiza. Na hata mkimleta saa hii hayuko kwa hii karatasi, na ofisi inafungua Jumatatu, na Jumatatu mashine zinaingia."

Hapo ndipo kamati ilipopata sauti. Kaka alisema ataongea na wakubwa. Mchungaji alisema Mungu hana orodha. Binamu aliuliza kama anaweza kupenya na simu tu, dakika mbili. Debe tupu haliachi kuvuma. Mzee wa Kathiani peke yake alivua kofia yake, akasimama akitazama mabati. Binti hakupandisha sauti hata mara moja. Alikunja kile kiti akakirudisha garini, na nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Nilikwenda pembeni nikampigia mama.

"Mmefika?" aliuliza.

"Tumefika, mwaitu."

"Kuko aje?"

"Sijaona. Hawatuingizi. Wanasema ni wewe wanataka."

Nilisikia kuku wake, na mtu akipita na ng'ombe barabarani.

"Niliamka mapema nikavaa," alisema. "Gari ya kaka yako ikakuja, nikasimama hapa kwa mlango. Ikapita. Nikajua hawakuniandika."

Ningeweza kumwachia hapo. Kaka alikuwa nyuma yangu bado akipiga kelele, na lawama ingemkaa vizuri.

"Ni mimi niliandika majina, mwaitu," nilisema. "Ni mimi peke yangu."

"Ni wewe?" alisema. "Mimi nilidhani ni wao."