Mkia wa Pili wa Gus

Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo Orlene Pickett, mpishi wa shule katika mji mdogo wa Oklahoma, alipata utepe mwekundu katika shindano la wapanda farasi kwenye maonyesho ya wilaya. Mwekundu ni wa pili. Wa bluu ulikwenda kwa jirani yake, Verna Stubbs, bila kukosa, kama sadaka ya Jumapili.

Kosa halikuwa la farasi wake, Gus. Katika shindano lao hashindi mwenye mbio. Hushinda anayekwenda polepole, kichwa chini, hatamu zikining'inia, kana kwamba farasi kajiamulia mwenyewe kuwa mstaarabu. Orlene hakuwahi kuuamini ustaarabu huo mpaka mwisho. Kila mwaka, mzunguko wa mwisho, mkono wake ulivuta hatamu kidogo tu, Gus akainua kichwa, jaji akaandika. Sasa Gus ana miaka ishirini, na daktari wa mifugo amesema magoti yake hayafiki maonyesho mengine.

Asubuhi ya maonyesho hayo ya mwisho Orlene alimwogesha, akampaka wanga miguuni mpaka weupe ukaumiza macho, akamng'arisha kwato. Mkia wa Gus ulitafunwa na ndama majira ya baridi, ukabaki kama brashi ya rangi. Akamfunga wa bandia, jambo linaloruhusiwa na ambalo watu wenye adabu hawaliulizi.

"Mafuta ya kung'arisha umepulizia kabla ya kufunga, au baada?" aliuliza Dwain, mumewe.

"Dwain, nenda kanunue soseji."

Alikuwa amepulizia kabla.

"Shoga, mkia huo umeota lini?" Verna alimuuliza langoni, juu ya farasi wake, jike la kahawia.

"Tangu jana. Nampa maharage."

Farasi tisa wakaingia uwanjani, mtangazaji akiamuru. Tembea. Chapua. Kisha shoti ya polepole, na moyo wa Orlene ukaenda shoti isiyo ya polepole hata kidogo. Mbele ya jukwaa mkia ukateleza, ukadondoka mchangani.

"Nyoka!" mtu akapiga yowe.

Farasi wawili wa nyuma wakaruka pembeni. Jike la Verna lilipita kama halijaona kitu. Ikabaki zamu ya Gus kuzunguka na kukutana na mkia wake mwenyewe. Vidole vya Orlene vilianza kuwasha.

"Mwachie, Orlene!" Dwain alipaza sauti kutoka kwenye uzio, mdomo umejaa. "Mwachie mzee wa watu!"

Orlene akashusha mkono mpaka ukagusa shingo ya farasi. Hatamu zikalegea kama kamba ya nguo. Gus akatega sikio moja, akautazama ule mkia kama mtu anayeona koti lake la zamani limevaliwa na mwingine, akapita zake.

Verna, aliyezoea kuusubiri mkono wa Orlene uvute kwa miaka kumi na mmoja, aligeuka kuuangalia. Mkono wake mwenyewe ukafuata kichwa, ukavuta hatamu. Jike likainua shingo. Jaji akaandika.

"Bluu! Namba arobaini na moja!" mtangazaji alisema, na hiyo ilikuwa namba ya Orlene. Dwain aliruka uzio, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yao.

Verna alileta mkia, umejaa mchanga. "Chukua. Mwakani nami nitaangusha wangu."

"Mwakani mimi na Gus hatupo. Nitakaa kwenye uzio nikuangalie mkono."

"Mungu wangu," alisema Verna, na alimaanisha.

Orlene akaufunga utepe wa bluu kwenye ile brashi ya Gus. Mafundo mawili, bila mafuta.