Waliongoza 41-38, wakaandikwa wamefungwa 2-0

Kumekucha Makanyagio, mjini Mpanda, na Rozalia Ponsian anarusha mpira peke yake. Unagonga chuma, unadondoka, anaufuata mwenyewe mpaka ukutani.

"Zamani tulikuwa tunaugombania. Sasa nauokota kama mayai ya kuku," anasema, na kicheko chake hakina raha hata kidogo.

Rozalia, mkulima wa mpunga wa Kakese mwenye miaka thelathini na mmoja, ni nahodha wa Viboko, timu ya kikapu ya wanawake iliyoshuka daraja msimu huu. Ligi yao inaitwa ya kulipwa. Kulipwa kwenyewe ni jina tu: posho inaishia kwenye nauli na sabuni, kwa hiyo kila mchezaji ana jembe lake nyumbani.

Ndiyo maana Viboko wana utaratibu wao. Mvua zikianza wanalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kisha wanakwenda mazoezini. Asiyefika shambani kwa mwenzake hapangwi kucheza. Sheria hiyo aliitunga Rozalia mwenyewe.

Msimu huu mvua zilichelewa, halafu zikaja kwa hasira. Nusu ya wachezaji walifuata familia zao mashambani, hawakurudi. Katika mechi tisa, Viboko walipoteza saba. Ikabaki moja ya nyumbani, dhidi ya wageni kutoka Sumbawanga. Wakishinda wanabaki ligini. Wakifungwa, basi tena.

Siku moja kabla ya mechi, zamu ilikuwa ya Josefina Venant, mjane mwenye watoto watatu. Miche yake ya mpunga ilikuwa imekomaa kitaluni, ikingoja kidogo tu inaharibika.

"Kocha alitaka tupumzike. Nikamwambia, mwalimu, zamu ni zamu. Watoto wa huyu watakula kikapu?" anakumbuka Rozalia.

Basi wakashinda wameinama kwenye maji ya majaruba, wakipandikiza, mpaka jua likazama.

Kesho yake walifika sita, migongo hainyooki. Hata hivyo waliwakimbiza wageni, wakawaacha mbali. Robo ya mwisho miguu ikagoma. Mchezaji akichelewa kumfikia mpinzani, anamshika kwa mkono, filimbi inalia. Mmoja mmoja wakatimiza faulo tano na kutolewa, wanne wazima! Wakabaki Rozalia na Josefina dhidi ya watano. Dakika ya mwisho, wanaongoza 41-38.

Hapo ndipo msuli wa paja ulipombana Josefina. Akaanguka.

"Nilimvuta mkono. Nikamwambia simama tu, mdogo wangu, hata usikimbie. Akajaribu, akaanguka tena, analia."

Kwa kanuni za mchezo huo, timu inayobakiwa na mchezaji mmoja uwanjani imepoteza. Kama ilikuwa inaongoza, matokeo yanaandikwa 2-0 kwa mpinzani. Jasho lote lile likafutwa, na Viboko wakashuka.

Maskini Josefina! Tangu siku hiyo hajagusa mpira. Mpunga wake umestawi ajabu, majirani wanausifu, lakini yeye hataki kuuzungumzia.

"Kila nikiuangalia namwona dada Roza amesimama peke yake," anasema kwa sauti ya chini, kisha anainuka kwenda kuchota maji.

Je, nahodha anajuta?

"Watu wanataka niseme sijuti. Najuta, tena sana. Tungelala siku ile, leo tuko ligini." Anafuta mpira kwa khanga. "Ila Jumamosi tunavuna kwa Josefina. Nitakwenda. Nitakwenda nimenuna, lakini nitakwenda."

Mashindano ya mkoa kiangazi hiki ndiyo mlango pekee wa kurudi. Kati ya wale sita, mmoja ameshaolewa Tabora. Kocha ametafuta wengine, wazazi wanamwambia timu yenyewe imekufa.

"Nikimaliza kumvunia nitamwomba avae raba," anasema Rozalia. "Akikataa, sina la kumfanya. Tuko wanne, ndugu mwandishi. Wanne hawaruhusiwi hata kuanza mechi."